UZI: Thanksgiving bata mzinga ni msindikizaji tu, njooni tuongelee vya pembeni, supu na pai

karafuu_kavu (mleta uzi, Columbus, Ohio)

Wakuu habari za baridi. Kila ikifika Novemba magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani maswali ni yale yale, nimealikwa kwa Wamarekani Thanksgiving, ile sikukuu yao ya kushukuru Alhamisi ya nne ya mwezi, niende na nini, bata mzinga anapikwaje, anakaa ovenini saa ngapi. Mimi msimamo wangu ni mmoja na sibanduki: bata mzinga achaneni naye. Nyama yenyewe kavu, mwenye nyumba ndo anampika, na hakuna anayetegemea mgeni apande basi na bata wa kilo nane mapajani. Kinachogombaniwa pale mezani ni vile vya pembeni, na ukivitazama vizuri ni vitu vya kwetu kabisa, boga, viazi vitamu, mahindi, maharage machanga, mboga za majani, halafu mdalasini, karafuu na kungumanga. Yaani ni futari iliyoingizwa kwenye oveni.

Naanza na maharage ya oveni maana ndo yanayomshangaza mgeni kuliko vyote. Maharage machanga (wakenya mnaita mishiri) yamezama kwenye supu nzito ya uyoga ya kopo, juu yamemwagiwa vitunguu vikavu vya kukaanga navyo vya kopo. Mtu anadhani ni urithi wa bibi wa kijijini kumbe kilibuniwa 1955 kwenye jiko la majaribio la kampuni ya Campbell kule Camden, New Jersey, mama mmoja anaitwa Dorcas Reilly akiwa na wenzake, kazi yao ilikuwa kutafuta pishi la vitu ambavyo mama wa nyumbani tayari anavyo kabatini. Kopo moja la supu ya uyoga, nusu kikombe cha maziwa, kijiko cha chai cha soya sosi, pilipili manga, vikombe vinne vya maharage yaliyokwisha chemshwa, nusu ya vile vitunguu changanya humo humo, oveni 350 F (yaani Fahrenheit) dakika 25, toa koroga, mwagia vitunguu vilivyobaki rudisha dakika tano basi. Mtoto wa darasa la sita anapika. Kama hujawahi kushika oveni maishani mwako na umeambiwa uje na kitu, nenda na hiki, hakuna atakayekucheka.

Viazi vitamu sasa. Hapa ndo watu wetu wanagoma kula. Ni vile viazi vya rangi ya chungwa, vinapondwa na siagi na sukari nyekundu, halafu juu wanapanga mashimelo, zile pipi nyeupe laini kama pamba, zinaingia ovenini zinakuwa za kahawia. Na vinaliwa na nyama, sahani moja, si baada ya chakula! Haya mambo ya mashimelo yalianza kusambaa 1917 pale kampuni ya kutengeneza mashimelo ilipotoa kijitabu cha mapishi ili iuze pipi zake, kwahiyo tena ni biashara ile ile ya kopo. Waislamu mnaosoma hapa angalieni sana, mashimelo ya kawaida yana jelatini na mara nyingi ni ya nguruwe. Ya halali yapo, ya ng'ombe au ya samaki, maduka ya Waarabu na Wapakistani hayakosi. Mimi siweki kabisa, napika viazi kwa tui zito na iliki na chumvi kidogo kama nyumbani Unguja, naviingiza ovenini mpaka tui likauke juu lifanye ukoko mwembamba. Sahani inarudi tupu kila mwaka na wazungu wanauliza hiyo iliki ni kitu gani.

Stafingi sitakaa nayo sana, ni mkate mkavu uliokatwa vipande ukachanganywa na vitunguu, selari, siagi, majani ya seji na supu ya kuku. Kusini wanatumia mkate wa mahindi na kusema kweli wao ndo wanaijua. Uliza kwanza kama kuna soseji ndani. Na ikipikwa tumboni mwa ndege katikati yake ifike 165 F, chini ya hapo mnaitafuta hospitali.

Makaroni ya chizi (jibini), ukialikwa kwa Wamarekani weusi usiende na makaroni ya boksi nakuomba kwa heshima zote. Pale makaroni ni cheo. Kuna shangazi mmoja tu kwenye ukoo aliyeruhusiwa kuyapika na hiyo ruhusa alipewa baada ya mwenzake kufariki. Historia yake nayo nzito, James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipelekwa Paris miaka ya 1780 akafundishwa upishi wa Kifaransa, akarudi akapika hayo mambo kwenye jiko la bwana wake, uhuru akaupata 1796 tu. Kwahiyo ukiona watu wanabishana nani apike ujue hawabishani chizi.

Halafu pai ya boga, nimeiacha mwisho maana hii ndo ya kwetu. Boga la kopo la aunsi 15, maziwa ya kopo yale mazito yasiyo na sukari aunsi 12, mayai mawili, sukari robo tatu kikombe, mdalasini kijiko cha chai, tangawizi ya unga nusu kijiko, karafuu ya unga robo kijiko, chumvi nusu. Koroga, mimina kwenye ganda la pai bichi, oveni 425 F dakika 15 halafu shusha 350 F dakika 40 mpaka 50. Robo kijiko cha karafuu! Mtoto wa Pemba ukiisikia ile harufu unakaa chini. Na si maneno ya kujipendekeza, meli za Salem, Massachusetts zilikuwa zinakuja Unguja tangu miaka ya 1820, Sayyid Said akawekeana mkataba wa biashara na Marekani 1833 na 1837 balozi wao mdogo akafungua ofisi Unguja. Walileta kitambaa, ndo ile merikani mpaka leo bibi zetu wanaitaja, wakaondoka na pembe, sandarusi na karafuu. Huko huko New England, yaani ule ukanda wa kaskazini mashariki yenye Massachusetts, ndo kwenye kitovu cha hii pai. Kwahiyo mtu akikuuliza mswahili Thanksgiving inakuhusu nini mwambie karafuu zetu zilifika mapema kuliko wewe.

Haya leteni zenu, hasa supu, maana supu mimi si mtaalamu.

Mshamba_Kijanja (Dar)

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Ila dada karafuu umenivuruga, boga na mayai na maziwa halafu iwe tamu na iliwe baridi? Boga sisi tunalijua la nazi, au la kuchemsha na chai asubuhi. Sijakataa lakini. Swali langu ni hili, mimi huku Mbagala oveni sina, hilo kopo la boga sijawahi kuliona supamaketi yoyote, jiko ni la mkaa na la gesi plet mbili. Inawezekana au niendelee kula kwa macho?

mukimo254 (Minneapolis)

Mleta uzi umesema ukweli tupu, hiyo ndege ni ya picha tu. Sisi Wakenya huku Minnesota tuko wengi na kila mwaka tunakutana kwa mtu mmoja, kila nyumba inakuja na sufuria yake. Viazi vya kuponda na siagi vya hao watu tuliviondoa kitambo tukaweka mukimo, viazi, mahindi, majani ya malenge vimepondwa pamoja mpaka rangi ni ya kijani, halafu ule mchuzi mzito wa bata unamwagwa juu yake na wacha nikuambie hiyo ndio ndoa ya kweli. Wazungu waliooa kwetu sasa wanapigia simu wiki mbili kabla wanauliza kama mukimo itakuwako.

Supu nayo umeuliza, ya huku ni ya mchele wa porini. Si mchele hasa, ni mbegu za nyasi zinazoota kwenye maziwa ya maji baridi, Wahindi wekundu wa hapa, Waojibwe, wanavuna kwa mtumbwi wakigonga mabua kwa fimbo mbili zianguke ndani, na serikali ya jimbo iliufanya nafaka rasmi ya Minnesota 1977. Ule wa kweli wa kuvunwa kwa mkono bei yake ni ya kukaa chini, ule mweusi wa mashambani ni rahisi lakini unachelewa kuiva karibu saa nzima, usiwe na haraka, ukiiva unapasuka katikati unaonyesha weupe ndani. Pika pembeni kwanza. Sufuria ingine kaanga kitunguu, karoti, selari na siagi, unga wa ngano kidogo, supu ya kuku, nyama ya kuku au ya yule bata aliyebaki, mwisho krimu na ule mchele. Nje theluji, ndani bakuli ya hiyo na kipande cha mkate, huendi mahali.

Mboga ni sukuma tu, wao wanaita kolad, jani ni pana zaidi na gumu zaidi lakini ladha ni jirani. Shida wanaichemsha masaa mawili mpaka iishe nguvu. Mimi naikata nyembamba kama ya kwetu, vitunguu nyanya dakika tano imetoka.

karafuu_kavu

@mukimo254 hiyo mukimo na mchuzi wa bata naijaribu mwaka huu wallahi. Ila kwenye hizo kolad mkumbushe kila mgeni mwislamu kwamba ile ladha ya moshi mara nyingi ni mguu wa kitimoto umechemshwa humo humo. Nyumba nyingi siku hizi wanaweka bawa la bata mzinga la kukaushwa kwa moshi badala yake, tamu vile vile, kwahiyo kuuliza si ushamba, unauliza kwa upole tu hii mmeweka nini cha moshi, na wao wenyewe wanakuonyesha. Kagua na ganda la pai la dukani, mengine yana mafuta ya nguruwe, soma nyuma ya boksi.

Bukavu2Houston

Jambo sana wandugu. Sisi Wakongomani wa hapa Texas siku ile tunatoka kwanza kanisani, kisha chakula. Bata mzinga iko pale juu ya meza, watoto wanaipiga picha, lakini watu wazima wanatafuta sombe (kisamvu) wapi, na fufu wapi, na samaki. Sombe hapa tunapata ya kugandishwa kwenye duka ya Waafrika, tunaipika na mafuta ya mawese na siagi ya karanga, saa mbili nzima juu ya moto. Watoto waliozaliwa hapa ndio wanadai makaroni na pai.

Pai ya hapa ni ya pekani, njugu fulani za mtini. Ule mti wa pekani ndio mti wa jimbo la Texas tangu 1919, mitaani kwetu zinaanguka chini watoto wanaokota kwa mifuko. Pai yake ni mayai, siagi, sukari, sirapu ya mahindi na pekani juu. Tamu kupita kipimo! Kipande kidogo kama kidole kinatosha, na kahawa bila sukari. Mama mukubwa wangu alionja akasema hii ni dawa ya kikohozi, akaomba cha pili.

dada_wa_Toronto

Mnaongea Novemba sisi Kanada tulishakula tukaosha vyombo 😂 huku ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, imewekwa hivyo kisheria tangu 1957, na ni vizuri kwasababu boga ndo zimejaa sokoni na baridi haijawa ya kuua.

Supu nakupa mimi dada karafuu. Batanati, lile boga lenye shingo ndefu rangi ya maziwa ya chai. Watu wanapoteza muda kulimenya likiwa bichi wanajikata vidole, acha. Lipasue katikati kwa urefu, toa mbegu, paka mafuta na chumvi, lilaze uso chini kwenye trei, oveni 400 F dakika 45 hivi, kisu kikiingia bila kubisha limeiva na nyama unaikwangua kwa kijiko. Kwenye sufuria kaanga kitunguu na tangawizi mbichi nyingi, usiogope tangawizi, tia binzari kidogo ukipenda, boga, supu ya kuku au ya mboga, chemsha kidogo, saga kwenye blenda (iache ipoe kwanza, ya moto inafyatua mfuniko ukuta wote unakuwa wa njano), rudisha motoni na tui la nazi. Ndimu juu. Ndimu ndo siri maana bila kitu kichachu supu ya boga inakinaisha kijiko cha tatu. Mbegu usitupe, osha, kausha, kaanga na chumvi unamwagia juu.

Wengi huku wanatia tofaa ndani ya hiyo supu. Mimi siku niliyoionja nilinyamaza kwa adabu.

Mpinzani_Mkuu

Sasa mimi niulize swali ambalo hamtalipenda. Hii sikukuu si ndo ile wazungu walikula na wenyeji halafu wakaja kuwamaliza na ardhi wakachukua? Leo waswahili nao mmekazana na pai. Tuna Idi, tuna Krismasi, tuna mwaka kogwa, bado tu mnatafuta za watu?

karafuu_kavu

@Mpinzani_Mkuu swali zuri na wala sikukasirikii. Wenyewe wenyeji hawajanyamaza, pale Plymouth, Massachusetts tangu 1970 kila Thanksgiving Wawampanoag na makabila mengine wanakusanyika kwa maombolezo, wanafunga na kuongea historia yao. Sikukuu ya taifa yenyewe alitangaza rais Lincoln 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya mama mmoja mhariri, Sarah Josepha Hale, kuandika barua miaka na miaka akiomba, hiyo hadithi ya kwamba ni mlo mmoja wa 1621 umeendelea moja kwa moja mpaka leo imepambwa sana. Mimi binafsi siku ile kazini kumefungwa, barabara tupu, ndugu wote wa Ohio wako nyumbani, sasa nikae nimenuna? Na nikikiangalia hicho chakula, mahindi, boga, maharage, kranberi (vile vitunda vyekundu vichachu), vyote ni vya hao hao wenyeji, wao ndo waliovilima. Nikipika namtaja mwenye mali. Wewe usipotaka kula baki na msimamo, ila usije ukaomba kipande Ijumaa.

Mpinzani_Mkuu

Kipande cha nini? Cha pekani naweza nikafikiria.

kaka_wa_Bawa (Boston)

Kranberi hakuna aliyeitetea mpaka sasa naona mnaionea. Zinalimwa huku kwetu Massachusetts na zaidi sana Wisconsin, wakati wa kuvuna shamba wanalijaza maji matunda yanaelea juu, ziwa zima linakuwa jekundu. Mezani inakuja ya kopo, inateleza ikitoka nzima na alama za kopo ubavuni, wazungu wanaikata vipande kama sabuni na wanaipenda hivyo hivyo. Achana nayo hiyo. Nunua mfuko wa mbichi aunsi 12, kikombe cha sukari, kikombe cha maji, chemsha dakika kumi zipasuke, ikipoa inaganda yenyewe. Mimi naongeza pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua na kijiti cha mdalasini, inakuwa achari kabisa. Na nyama kavu ya bata ile, jamani, inahitaji achari.

mukimo254

@kaka_wa_Bawa hiyo nimechukua. Lakini na kachumbari? Kwetu bila kachumbari hiyo si sherehe ni kikao.

kaka_wa_Bawa

Kachumbari na kranberi sahani moja hapana. Chachu mbili zinagombana.

mukimo254

Hazigombani, ni wewe.

karafuu_kavu

Nyinyi wawili malizaneni huko inbox 😂

@Mshamba_Kijanja sijakusahau. Kopo huhitaji. Boga lile la kwetu kubwa lina maji mengi, ukilitumia hivi hivi pai haishikani, kwahiyo tafuta batanati sokoni, Kariakoo zipo, na hata la kopo la Marekani ni jamii ya batanati, yanalimwa huko Morton, Illinois, si yale ya kuchongwa macho ya Halloween. Lipike kwa mvuke, usilichemshe majini, ponda, weka kwenye kitambaa safi lichuje saa nzima. Unahitaji kikombe kimoja na robo tatu. Maziwa weka tui zito kikombe kimoja na nusu. Mengine kama nilivyoandika juu, na karafuu usage mwenyewe, zile za unga za dukani zinakuwa zimeshapoteza harufu.

Ganda: unga vikombe viwili, siagi baridi nusu kikombe, chumvi, maji baridi sana kidogo kidogo, usikande kama chapati, likusanye tu lishikane, liache mahali pa baridi nusu saa ndo usukume.

Jiko la mkaa sasa, si unajua wanavyopika mkate wa kumimina, moto juu moto chini. Sufuria kubwa zito, mimina mchanga safi mkavu chini kama inchi moja, liweke jikoni lipate moto dakika 15 likiwa limefunikwa. Weka bati lako la pai juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa wa bati, mkaa mwingi juu, chini punguza ubaki kidogo tu maana wa chini ndo unaounguza ganda kabla yai halijashika. Baada ya dakika 40 chungulia, pembeni iwe imeshika na katikati inatikisika kidogo tu ukiigusa. Itoe, iache ipoe kabisa kabla ya kukata hata kama watoto wanalia. Ina mayai na maziwa kwahiyo ikishapoa isikae nje, hasa na joto la Dar, friji siku tatu nne.

Mshamba_Kijanja (Dar)

Mchanga ninao, mkaa ninao, bati la pai nachukua sahani ya aluminiamu ya mama mkwe. Siagi baridi kwa joto hili na umeme unaokatika ndo sijui. Blue Band inafaa?

dada_wa_Toronto

Inafaa, iweke friza usiku kucha kabla. Na hiyo sahani mwambie mama mkwe kwanza.

karafuu_kavu

Inafaa. Chumvi kwenye ganda punguza, Blue Band ina yake tayari.